Imara au Thabiti

Ilikuwako nchi moja, na ikiwa wewe msomaji unaishi humo basi uwe radhi, aliyekusudiwa si wewe bali jirani yako. Nchi hiyo ilikuwa na kiwanda kimoja tu cha magari, na kiwanda hicho kiliunda magari ya aina mbili, Imara na Thabiti. Yote mawili yalikuwa magari ya familia, yamenyanyuka juu, yana viti saba, milango mitano na rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha. Injini ilikuwa ile ile, matairi yale yale, na fundi aliyebandika jina la Imara asubuhi ndiye aliyebandika jina la Thabiti baada ya chakula cha mchana.

Wananchi walijivunia sana jambo hili. Kila asubuhi redio iliwakumbusha kwamba nchi za jirani watu hupewa gari moja tu bila kuulizwa. Hapa mtu alikuwa huru. Tena uhuru wenyewe haukuachwa uzurure ovyo, ulikuwa na wizara yake, Wizara ya Uamuzi, na sheria yake, Sheria ya Hiari. Kifungu cha kwanza kilisema kila kaya itachagua kwa hiari yake gari moja kati ya mawili, na kifungu cha pili kikaeleza adhabu ya asiyetaka.

Barua ya kuchagua ilimfikia Mzee Mahfudhi siku ya Jumatatu. Kwa miaka thelathini na minne mzee huyu alikuwa msoma mita wa Idara ya Maji. Mji mzima aliujua kwa mageti yake: lipi lina mbwa, lipi lina mama mwenye maneno, lipi akibisha hodi ataambiwa aingie kwanza anywe uji. Kisha zikaletwa mita zinazojisoma zenyewe, naye akastaafishwa kwa shukrani nyingi na saa ya ukutani. Mwaka uliofuata mkewe Zamda akafariki. Mwanawe wa pekee, Idrisa, alikuwa ng'ambo, na kila Desemba alikuwa anakuja Desemba inayofuata.

Mazoea yana taabu. Kila mwisho wa mwezi Mahfudhi alitoka na daftari lake, akainama, akaisoma mita yake mwenyewe. Ilikuwa uniti moja. Mwezi mwingine, uniti moja. Kazi ilikuwa imemfundisha kwamba nyumba inayotumia uniti moja kwa mwezi mwenyewe ama amesafiri ama amekufa, maana fomu ya Idara ilikuwa na visanduku hivyo viwili tu. Mahfudhi alishika kalamu na kila mara hakujua atie alama kwenye kipi.

Juu ya bahasha ya barua iliandikwa: Kwa Mkuu wa Kaya na Familia Yake Yote. Aliisoma peke yake, akaikunja, akaiweka chini ya saa ya ukutani.

Jumatano geti likagongwa. Mahfudhi alikuwa anaosha kikombe, akadhani ni geti la jirani, akaendelea kuosha. Likagongwa tena. Akatoka mbio na povu mikononi.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa fulana iliyoandikwa IMARA kifuani, amebeba mkoba uliotuna vipeperushi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu ndani."

"Naitwa Sikudhani. Mimi ni mshawishi wa Imara kanda hii. Nimekuja kukusaidia kuamua kwa hiari yako. Familia ipo?"

"Ipo ipo," alisema Mahfudhi, ambaye hakuwa mwongo ila alikuwa na haraka ya kumkaribisha mgeni.

Sikudhani akaeleza kuwa gari la kuonyeshea halikupatikana kwa sababu lilikuwa kwa Mheshimiwa mmoja, analikagua tangu mwaka juzi. Lakini Wizara haikushindwa. Wizara ilikuwa imetoa mwongozo: pale ambapo gari halipo, litaundwa kwa viti vya mwananchi mwenyewe. Viti saba vipangwe sebuleni, viwili mbele, vitatu katikati, viwili nyuma, na mwananchi akae mahali pa dereva.

Sebule ya Mahfudhi ilikuwa na viti vitatu. Akaleta cha jikoni, vikawa vinne. Akaleta ndoo akaipindua, akaleta kreti la soda. Kikapungua kimoja. Akasimama katikati ya sebule akikuna kichwa, kisha akaingia chumbani akatoka na kiti cha Zamda, kile chenye mto wa maua, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimeelekea ukutani kikishika nguo zilizokunjwa. Akakiweka mbele, kushoto kwa dereva.

"Sasa kaa, mzee. Shika usukani."

Akampa sinia. Mahfudhi akalishika kwa mikono miwili na kutazama mbele, kwenye kabati la vyombo. Sikudhani akaenda kukaa kwenye ndoo, kule nyuma.

"Gari hili linasema," alieleza. "Liliwekewa sauti baada ya Mheshimiwa mmoja kumsahau mama mkwe wake kwenye kituo cha mafuta kwa siku mbili. Ukishakaa linakuuliza. Nalo linasikia maneno mawili tu, tayari na bado." Akakohoa kidogo, akasafisha koo. "Je, familia yote imepanda?"

Mahfudhi akageuka nyuma. Akaona kreti, akaona viti, akaona mto wa maua.

"Bado," akasema.

"Tutasubiri," likajibu gari.

Ilikuwa miaka sita tangu mtu aseme neno hilo ndani ya nyumba ile, na kulisikia kulimfanya atake kulia mbele ya mgeni.

Kesho yake akaja mshawishi wa Thabiti, kijana mrefu mpole aitwaye Lukindo. Naye gari lake lilikuwa kwa Mheshimiwa mwingine. Naye akapanga viti saba, viwili mbele, vitatu katikati, viwili nyuma. Mahfudhi akamwambia kwamba Imara nalo lilikaa hivyo hivyo.

"Hapana, mzee wangu," Lukindo alisema kwa upole wa daktari. "Imara lina pahala pa kikombe upande wa kushoto wa dereva. Thabiti, kulia. Hebu fikiri. Mkono wa kulia. Ndio mkono wa kulia chakula, ndio wa kumsalimia mkweo. Gari linalokutaka ushike chai kwa mkono wa kushoto lina nia gani na watoto wako?"

Akachukua kikombe cha chai cha mzee kilichokuwa kushoto, akakihamishia kulia. Kisha akaenda kukaa kwenye ndoo na kuuliza, kwa sauti nzito, kama familia yote imepanda.

Alipoondoka, Mahfudhi alivaa miwani akasoma kijitabu cha sheria kutoka mwanzo hadi mwisho, kitu ambacho hata walioitunga hawakuwahi kukifanya. Kifungu cha kumi na nne kilisema: Mkuu wa kaya ambaye hajaamua atatembelewa na kila upande mara tatu kwa wiki mpaka aamue. Kifungu cha kumi na tano kilisema: Akishaamua, hatasumbuliwa tena.

Alivisoma vifungu hivyo viwili mara nyingi. Kisha akakata shauri kwamba hataamua.

Zikaanza siku njema. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikuja Sikudhani. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alikuja Lukindo. Mahfudhi alinyoa ndevu kila siku. Alinunua tangawizi, iliki, na vikombe viwili vipya. Alitunga maswali mapema na kuyaandika kwenye daftari la mita asije akaishiwa. Je, Imara likipita kwenye mchanga? Na Thabiti je, kwenye mchanga ule ule? Je, mto wa kiti unavumilia mtu mwenye mgongo? Je, dirisha la nyuma linafunguka kiasi gani, nusu au robo tatu? Sikudhani alijibu kila swali huku akinywa chai, Lukindo alijibu kila swali huku akinywa chai, na majibu yalikuwa yale yale, kwa kuwa yalitoka kwenye kipeperushi kimoja kilichobadilishwa jalada. Mwisho wa mwezi mita ilisoma uniti tatu. Mahfudhi aliitazama akatabasamu kama aliyeonyeshwa picha yake ya ujana.

Jumapili hakuja mtu, kwa kuwa Jumapili uhuru ulipumzika. Siku hiyo ndiyo Idrisa alipiga simu.

"Baba, umeshachagua?"

"Nalifikiria, mwanangu. Kuna suala la kikombe."

"Chagua lolote, baba, yote ni mamoja. Mimi Desemba nikija tutalipanda."

"Desemba hii?"

"Ngoja baba, kuna mtu ananipigia huku."

Siku tisini ambazo sheria iliwapa wananchi kuamua zikapita. Mahfudhi hakujua, kwa sababu redio aliizima ili asikie geti, kwamba nchi nzima ilikuwa imeshaamua. Kura zilihesabiwa mara tatu. Nusu kamili ya wananchi walichagua Imara, nusu kamili Thabiti. Ndugu walikuwa hawasemezani. Kulikuwa na vijiji ambamo wa kikombe cha kushoto hawakuwazika wa kikombe cha kulia. Na kaya moja, moja tu, haikuwa imetia alama. Magazeti yakampa jina, Mwananchi wa Mwisho.

Kwa muda wa wiki moja barabara ya mtaa wake, iliyoombewa lami tangu enzi za Zamda, iliwekwa lami mchana kutwa, ikaishia getini kwake kabisa, sentimita haikuzidi. Kisha akaja Waziri wa Uamuzi mwenyewe na matarumbeta, mapaja ya kuku ndani ya mifuko, na watu mia mbili wa kumpigia makofi.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, amesimama kwenye kiti cha jikoni cha Mahfudhi, "wapo wanaouliza, kuna tofauti gani kati ya Imara na Thabiti? Nawajibu: kama kusingekuwa na tofauti, tungegombana kwa sababu gani? Ugomvi wetu ndio ushahidi. Taifa lililogawanyika katikati barabara ni taifa lililo sawasawa. Lakini usawa nao una mwisho wake, kwa maana kiwanda kinataka kujua kibandike jina gani kwanza asubuhi. Leo historia imekuja kukaa katika sebule hii ndogo. Mwananchi, tunakusikiliza."

Nyumba ilijaa mpaka uani. Chai ilikuwa imekwisha, sukari imekwisha, mtu alikuwa amekalia mto wa maua na kumwagia soda. Siku ile mzee alizungukwa na watu wengi kuliko siku ya maziko ya Zamda, lakini hakuna aliyemuuliza hali, wala jina, kwani jina lilikuwa kwenye bango la getini. Mahfudhi alijisikia mpweke kupita alivyojisikia na uniti moja.

"Nina swali kuhusu dirisha la nyuma," akasema.

Waziri akashuka kwenye kiti. Akampa mpaka Ijumaa saa nne asubuhi, kwa hiari yake, na askari wawili wa kuilinda hiari hiyo.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Lukindo, lakini aliyebisha hodi alikuwa Sikudhani. Hakuvaa fulana wala hakubeba mkoba. Askari wa getini alimwandika jina akamwacha apite. Aliingia, akatazama viti saba vilivyokuwa bado vimepangwa, akaenda kukaa kwenye kile cha Zamda, mbele, kushoto kwa dereva. Mahfudhi akakaa mahali pake.

"Mzee, leo sikuja kwa kazi."

"Ngoja nikuwekee chai."

"Usiweke. Nikinywa sitasema." Akatazama kabati la vyombo, kama mtu anayetazama barabara. "Lukindo ni mume wangu."

Mahfudhi akageuza shingo. "Mumeo? Wa Thabiti?"

"Mwaka wa saba sasa. Hatutakiwi kuonekana pamoja, watu wasije wakadhani ni kitu kimoja. Yeye kapangiwa nyumba ya wageni ya kule sokoni, mimi ya huku kanisani. Tunapishana kwenye kona yako hapo, namwambia asubuhi njema kama simjui." Akaonyesha kona kwa kidevu. "Na hatupewi ruhusa kwenda nyumbani mpaka kanda iamue yote. Kanda yote imeamua mzee, tangu mwezi wa pili. Umebaki wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Tumekatazwa. Na chai yako ni nzuri." Akacheka kidogo bila furaha. "Tangu wiki ya pili nilijua huna shida na gari. Nikamwambia Lukindo, mzee huyu hataki gari, anataka mtu. Tukasema tumwache kidogo, tutamalizia wiki ijayo. Tuna mtoto, anaitwa Tunu, ana miaka minne, tumemwacha kwa bibi yake. Juzi nimempigia simu. Akaniambia, shikamoo shangazi."

Hakulia. Alikuna kitambaa cha mto wa maua pale penye doa la soda, kwa kucha, taratibu. Mahfudhi alitazama ule mkono na moyo ukamuuma, kwa sababu alijua fika mtoto kukaa mbali ni nini, na sasa yeye ndiye alikuwa amemfanyia mwenzake jambo lile lile. Alitaka kusema samahani. Neno likawa dogo mno.

"Nikichagua," aliuliza, "utapita tena huku?"

"Kifungu cha kumi na tano kinakataza. Tukitoka likizo tunapelekwa mkoa mwingine. Sitakudanganya, mzee."

"Sawa." Akapiga moyo konde. "Nina swali moja la mwisho. Ile sauti ya ndani ya gari. Ya kweli, si ya kwenye ndoo. Ni ya nani?"

Sikudhani akashangaa, kwa kuwa swali hilo halikuwemo kwenye kipeperushi.

"Ya Imara ni yangu. Kiwanda hakikutaka kuhangaika kutafuta mwingine. Ya Thabiti ni ya Lukindo."

"Basi nenda kafungashe, mwanangu," alisema Mahfudhi. "Na mwambie Tunu babu anamsalimu."

Ijumaa saa nne kasoro dakika tano, mbele ya kamera, alitia alama kwenye kisanduku cha Imara. Nusu ya nchi ikalipuka kwa furaha na nusu ikalala njaa. Waziri alitangaza kwamba matokeo ni ya kihistoria, kwamba washindi wasijivune, na kwamba kuanzia mwaka ujao kiwanda kitaunda magari mawili mapya kabisa, Imara Mpya na Thabiti Mpya, yenye pahala pa kikombe katikati, kushoto kidogo na kulia kidogo.

Gari lilikabidhiwa hapo hapo. Sheria ilitaka picha ya familia ikiwa imekaa ndani, hivyo Waziri akakaa mbele, na katibu wake, walinzi wawili, mpiga tarumbeta na mkurugenzi wa kiwanda wakajaza viti vya nyuma kwa niaba ya familia. Wakatabasamu. Picha ilipokwisha kupigwa wakashuka wote, na mpiga tarumbeta akaomba samahani kwa kuufunga mlango kwa nguvu. Saa nane askari waliondoka. Saa tisa mtu alikuja kung'oa bango.

Mwisho wa mwezi mita ilisoma uniti moja na nusu, na nusu ile ilikuwa ya kumwagia lami maji kutuliza vumbi la sherehe.

Kwa wiki tatu Mahfudhi hakuligusa gari. Lilikaa uani na nailoni zake kwenye viti, na mafuta ya kutosha kufika getini, kwa kuwa mafuta yalikuwa chini ya wizara nyingine. Jumapili moja asubuhi, baada ya simu ya Idrisa kukatika, alichemsha chai ya tangawizi, akanyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi. Akaingia, akafunga mlango, akaweka kikombe pahala pake, kushoto. Akageuza ufunguo kidogo, taa za dashibodi zikawaka.

"Je, familia yote imepanda?" akauliza Sikudhani.

Mahfudhi akageuka. Akavitazama viti kimoja kimoja, vyote sita, vile vya nyuma hata alama ya kukaliwa havikuwa nayo. Kwenye kiti cha mbele alikuwa ameuweka mto wa maua, ameufua doa halikutoka.

"Bado," akasema.

"Tutasubiri."

Akanywa chai. Nje mtaa ulikuwa kimya, lami mpya inang'aa na haina mpita njia. Alikaa wima, mikono kwenye usukani, akiitazama saa ya kwenye dashibodi, dakika moja, mbili, tatu, nne. Ilipofika dakika ya tano sauti ikamuuliza tena. Jibu alikuwa nalo, lakini hakulitoa mara moja. Alijifanya kufikiri kwanza, kama zamani, kisha akasema bado.